Sugu za Limbu

Kwihara,
9 Mei 1954

Mume wangu mdogo Damas,

Salamu nimeziweka mwisho wa barua, maana kwanza nina ugomvi na wewe. Tangu Kwaresima hujaandika. Shati ulilomtumia baba yako mdogo Kasimiri limefika kwa Mabruki, yule fundi cherehani wa Mtendeni, Tabora, anayetupokelea barua, limekunjwa vizuri, na ndani yake hamna hata kipande cha karatasi. Shati linasema nini? Mimi nilisoma misheni miaka miwili tu, tena nikiwa na mimba ya baba yako, lakini barua naandika kwa mkono wangu, sibembelezi mtu. Wewe uliyefika darasa la kumi unaona uvivu.

Huku tunavuna karanga. Kasimiri anabeba gunia zima peke yake kutoka shamba hadi nyumbani. Sugu zake za kisigino zimekuwa kubwa kama mayai ya kwale. Wewe habari hizi unazijua, ila nakukumbusha usije ukazipoteza huko mjini. Babu yako Limbu alibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo mara saba, na bega lake lilikuwa na sugu pana kama kiganja. Sugu ile ikawashukia wanawe, ikakaa nyuma ya visigino. Ndiyo maana katika nyumba hii mwenye sugu humiminiwa samli kwenye ugali kabla ya mtu mwingine kunawa. Bernardo baba yako alimiminiwa. Tobias alimiminiwa. Sasa amebaki Kasimiri. Wewe siku unaondoka nilikushika visigino pale stesheni, vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Nilisikitika, na sikukuficha.

Sasa lililonikalisha niandike. Bernardo alianguka akiwa na miaka thelathini na tisa. Tobias arobaini na moja. Wote mchana kweupe, wote asubuhi yake walikula vizuri. Kasimiri ameingia thelathini na tisa. Naogopa, Damas. Akikohoa nageuka. Akinyamaza nageuka upesi zaidi.

Namtazama Pelagia mkewe anavyosonga ugali. Namtazama mikono. Mama yako Tekla nilichelewa kumtazama, nikamfukuza mume akiwa kaburini tayari. Safari hii sichelewi. Wewe unashinda na dawa za Wazungu. Nitafutie inayomkinga mtu na mkono wa mkewe.

Padre amenisema tena nivue vikuku vyangu vya waya. Eti Mkristo mzee anafunga miguu kama mke wa mtemi. Nikamwambia nitavivua nikifa, na atakayenivua ajiandae.

Salamu ndizo hizi sasa. Mwangaluka.

Bibi yako,
Apolinaria mke wa Limbu

*

Dar es Salaam,
22 Mei 1954

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa shati lisilo na barua. Nilianza kuandika mara tatu nikachana.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu tu: nafanya katika chumba ambako madaktari hutazama kilichomuua mtu. Nakata nyama nyembamba kuliko ganda la kitunguu, naipaka rangi, naiweka chini ya kioo kinachokuza. Mwezi wa Machi waliletwa maiti wengi, na mmoja alikuwa mchukuzi wa bandarini, kijana wa miaka kama thelathini na tano. Aliweka gunia chini, akashika kifua, akafa. Nilipomfunua miguu nikaona sugu nyuma ya visigino. Bibi, zilikuwa sugu zetu. Mahali pale pale, ukubwa ule ule.

Daktari akazipasua. Ndani hamkuwa na ngozi ngumu kama ya mtu aliyefanya kazi. Mlikuwa na kitu cha njano kama mafuta ya kuku yaliyoganda. Kisha akafungua mishipa inayoulisha moyo wenyewe, na njano ile ile ilikuwa imo ukutani mwa mshipa, mpaka njia ya damu imebaki kama tundu la sindano.

Nikueleze kama alivyonieleza. Katika miili yetu mna chembe ndogo zinazotembea, kazi yao ni kuokota uchafu na vijidudu na kuvimeza. Ni kama wapagazi wa mwili. Sasa kuna watu ambao damu yao imejaa mafuta fulani yaitwayo kolesteroli. Chembe hizi huyaona yamerundikana ukutani mwa mshipa, zinayabeba, zinabeba tena, mpaka zinavimba na kujaa mapovu kama ya sabuni, haziwezi kuondoka. Zinaketi pale pale na mzigo na kufia pale. Nyingine zinakuja juu yao. Ukuta unanenepa, halafu siku moja unapasuka, damu inaganda mahali hapo, na moyo unakosa chakula. Mtu anaanguka mchana kweupe.

Nimezitazama kwa macho yangu. Za kisiginoni na za moyoni ni zile zile. Sugu ya kisigino yenyewe haiui, Bibi. Inatoa habari ya kilichoketi kifuani.

Nakusihi mambo mawili. Usimpe Kasimiri samli tena. Na uniambie kweli: anabanwa kifua akibeba?

Daktari aliniuliza kama nimewahi kuona miguu ya namna hii. Nikamjibu hapana.

Mjukuu wako,
Damas Bernardo

*

Kwihara,
6 Juni 1954

Damas,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nikaikalia.

Kwa hiyo nimekulea ili uende kuchokonoa maiti za watu, halafu uje kunifundisha sugu za mume wangu ni takataka ya njano? Nani huyo mchukuzi wa bandarini? Ukoo wake nani? Alibeba nini maishani, mbao za Wahindi? Babu yako alibeba pembe. Na samli hiyo nimepika mimi. Nilikoroga mimi, nikamimina mimi kwa wanangu watatu. Unataka kusema nini? Sema lote, usinizungukie kama fisi na zizi.

Na la wapagazi umekosea. Nimekaa na mpagazi miaka arobaini na miwili. Mpagazi haupendi mzigo. Ukimkuta ameketi nao njiani hainuki, usimtukane yeye. Uliza nani aliyemtwika, na kambi ya kuutua iko wapi, na kama huko kambini kuna mtu wa kumpokea. Mwambie daktari wako hivyo.

Kasimiri hajambo. Alhamisi alipumzika mara tatu kati ya shamba na nyumbani, akasema ni jua. Akasema kifua kinamkaza kama amefungwa kamba ya mzigo, akitua kinaachia. Ni jua. Pelagia akamletea maji, nikayamwaga, nikamletea yangu.

Wewe visigino vyako vikoje siku hizi? Bado laini?

Apolinaria mke wa Limbu

*

Dar es Salaam,
15 Juni 1954

Bibi,

Shikamoo. Hiyo kamba ya mzigo si jua. Umeniandikia mwenyewe: akibeba inakaza, akitua inaachia. Ndivyo ilivyo hasa. Mzuie asibebe hata debe la maji. Mpelekeni hospitali ya Tabora. Dawa ya kuiondoa njano hiyo daktari anasema haijapatikana duniani, lakini wanaweza kumlaza na kumtuliza, na kuketi kwake ni dawa.

Nilimpa daktari maneno yako ya kambi. Aliacha kuandika. Akaniuliza ni nani aliyesema, nikasema bibi yangu mzaa baba. Akasema wenye elimu wamejua zamani kwamba chembe hizo hubeba mafuta, lakini ni wapi zinapaswa kuyatua, na kwa nini kwa watu hawa haziyatui, hajui yeye wala waliomfundisha.

Kuhusu samli: hukumuua mtu. Daktari anadhani samli inaongeza, na hata hilo hana hakika nalo. Asili yake ni damu yenyewe. Mtu huzaliwa nayo, na huipata kwa baba au kwa mama, yeyote kati yao. Akiwa nayo mmoja, nusu ya watoto huweza kuichukua. Wako waliichukua wote watatu.

Sasa nisikilize kama mtu mzima, sio kama mume wako wa utani. Kama ni damu, si mkono wa mke. Mama yangu hakumuua Baba. Miaka kumi anaishi kwao Ntalikwa kama mchawi, na mimi nilikuwa nikiruhusiwa kumwona Krismasi. Usimfanyie Pelagia hivyo.

Na kuna hili. Babu Limbu alikufa mzee sana, wa homa, kitandani. Namkumbuka akinibeba. Sugu ya bega lake nilikuwa naishika. Lakini visigino vyake sivikumbuki. Bibi, Babu alikuwa na sugu kisiginoni, au begani tu?

Damas

*

Kwihara,
21 Juni 1954

Damas,

Usiniulize habari za miguu ya marehemu.

Na swali langu mimi la visigino vyako umeliruka kama shimo.

Apolinaria

*

Dar es Salaam,
5 Julai 1954

Bibi,

Nimeandika tarehe ishirini na tisa, hukujibu. Leo nimepata kadi ya Mabruki. Anasema barua yangu iko dukani kwake, hakuna aliyekuja kuichukua, na amesikia sokoni kwamba Kwihara wamebeba mtu kwa kitanda kupeleka hospitali. Hajui ni nani.

Nikisikia mlango wa ofisi nadhani ni simu ya maandishi. Niandikie neno moja tu. Yuko, au hayuko.

Damas

*

Kwihara,
18 Julai 1954

Damas mwanangu,

Yuko. Nimeliandika mbele ili upumue. Mpaka asubuhi hii yuko.

Ilikuwa tarehe moja. Nilimkataza asibebe, tena nilimkataza kwa neno lako, na hilo lilinichoma kulisema. Akacheka, akasema, "Mama, mtoto wa Limbu aambiwe gunia zito?" Maneno hayo nilimfundisha mimi. Hakufika hata kwenye njia kuu. Nilimkuta ameketi amekumbatia gunia, uso umekuwa wa majivu, jasho linamtiririka kama aliyenyeshewa. Hakuweza kusema. Wakambeba kwa kitanda hadi hospitali, na mimi nyuma, na njia nzima nahesabu pumzi zake, moja, nyingine, nyingine, nikiogopa nikikosea hesabu ataacha.

Kesho yake, kabla hatujajua atapona au la, wakaja nyumbani watu wa ukoo. Mzee Sylvester mdogo wake Limbu ndiye mbele. Hawakuja kuuliza hali. Nilipotoka ndani nikamkuta Pelagia ameketi uani na furushi lake limefungwa, hata halii. Sylvester akaniambia, "Shemeji, wa tatu huyu. Tunangoja neno lako tu. La Tekla ulilitamka mwenyewe, na hili litamke, tumpeleke kwao kabla jua halijachwa."

Damas, neno nilikuwa nalo. Sikudanganyi. Lilikuwa mdomoni limeiva, na watu wote wananitazama, na kulitamka kungeniondolea hofu yangu yote, kama lilivyoniondolea mara ya kwanza.

Nikamwambia Pelagia, "Weka furushi chini. Nenda kaniletee koleo la mumeo, lile la kukatia waya wa mizinga."

Sylvester akasema, "Koleo la nini tena?" Nikamwambia anyamaze, bado hajanirithi akawa mume katika nyumba hii.

Nikaketi juu ya kinu. Nikakata vikuku. Waya ule nimeuvaa tangu nina miaka kumi na mitatu, umeingia mpaka kwenye ngozi. Mguu wa kwanza ulinitoa damu. Wa pili Pelagia akanikatia. Nikageuka, nikawapa kisogo, nikainua kaniki. Nikasema, "Haya, tazameni."

Sylvester akainama. Macho yake hayaoni vizuri, akashika kwa kidole. Akasema, "Hizi ni kama za Kasimiri."

Nikasema, "Kasimiri ndiye mwenye zangu."

Kuku walikuwa wanapita kati yetu.

Sasa nakuandikia ambalo hata padre sijamwambia. Baba yangu Nkwabi alianguka shambani akiwa kijana. Kaka zangu wawili vivyo hivyo. Watu wakasema boma letu lina mkosi, mwanamke wa huko atakuzikia watoto. Sugu zilipoanza kunitoka, mama alinipeleka kwa mhunzi, akanizungushia waya kutoka kisigino hadi nusu ya muundi, nikaolewa na waya huo. Limbu aliujua ukweli. Miguu yake ilikuwa laini kama kibuyu, sugu alikuwa nayo ya bega tu, ya kazi, ya halali. Bernardo alipotokwa na zake, watu wakaanza kuuliza. Limbu akasimama akasema, "Hiyo ni sugu yangu ya safari imemshukia mwanangu." Akanikinga. Nami nikaurudia uongo ule mpaka ukawa mtamu, mpaka nikawa naumiminia samli.

Baba yako alipoanguka, nilijua. Niliufunika moyo nisiusikie. Ilikuwa rahisi zaidi kumtazama Tekla mikono kuliko kujitazama miguu. Ulikuwa na miaka kumi na minne, ulisimama mlangoni. Ulidhani sikukuona.

Hospitali wamemruhusu Kasimiri. Ameketi chini ya paa anasuka vikapu, ana aibu, ananuna kama mtoto. Kibuyu cha samli nimekigawa kwa watu wasio na sugu. Kila akiinuka naona moyo wangu unainuka kabla yake. Daktari wa Tabora amesema anaweza kuishi miaka, anaweza kuishi wiki. Pelagia ndiye anampikia. Mimi sitazami mikono tena, ila nimeketi karibu, naogopa, hofu hiyo sijaweza kuivua.

Jumatano nilikwenda Ntalikwa kwa miguu, bila vikuku. Miguu ilikuwa myepesi mpaka nilikuwa najikwaa. Nilimkuta mama yako anapepeta karanga. Hakuinuka. Nilisema yote nikiwa nimesimama juani, kwa sababu hakunipa kigoda, na alifanya vizuri. Nilisema habari ya damu, na chembe zinazoketi na mzigo, na baba yangu, na uongo wa Limbu. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Aliendelea kupepeta. Kisha akaniuliza jambo moja tu:

"Damas visigino vyake vikoje?"

Nikasema vilikuwa laini siku alipoondoka.

Akaweka ungo chini. Akasema, "Ameondoka miaka sita."

Nimekuuliza mara mbili, ukaruka mara mbili. Nilidhani ni kiburi, nikakutukana moyoni. Sasa nakuuliza mara ya tatu, na safari hii wanaouliza ni wawili. Usinijibu kwa maneno ya daktari.

Bibi yako,
Apolinaria binti Nkwabi

*

Dar es Salaam,
24 Julai 1954

Bibi, na Mama kama utasomewa,

Shikamooni.

Zilinitoka mwaka juzi. Kushoto kwanza, kisha kulia. Nilifurahi, Bibi. Nilikuwa nikizishika jioni nikitoka kazini, nikasema sasa nami ni wa Limbu. Nilitaka nisikuandikie, nije tu likizoni niziweke mbele yako uone, unimiminie samli mbele ya watu.

Halafu akaletwa yule mchukuzi. Daktari alipokuwa ananoa kisu nilikwisha kuvua kiatu chini ya meza, najigusa kwa kidole cha mguu mwingine. Barua tatu nilizochana zilikuwa za habari hiyo.

Sasa daktari nimemwambia. Ameniweka mezani kama wagonjwa wengine, ameandika jina langu kitabuni. Amenipa likizo ya mwezi mmoja. Anataka nirudi na majina ya watu wa boma la Nkwabi, walio hai na waliokufa, na umri wa kila mmoja. Nitakuuliza, na utanijibu, hata unune.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu na wewe umeandika.

Nafika Tabora kwa treni ya Jumamosi ijayo. Msilete mtu wa kubeba sanduku, nimeliacha, nina kifurushi tu. Mje wote wawili. Nitashuka pekupeku.

Damas